Taa Arubaini Katika Nyumba ya Giza

Ndugu msomaji, iko aibu ambayo mtu huiona mara moja tu katika umri wake, ikambakia kooni kama mwiba wa samaki. Mimi yangu niliiona mwaka 2008, Unguja, pale umeme unaotoka bara kwa waya wa chini ya bahari ulipokatika mwezi wa Mei, na kisiwa kikakaa gizani mpaka tukaingia Juni. Wenye uwezo walinunua majenereta, mtaa ukawa unanguruma na kunuka moshi usiku kucha. Wasio na uwezo walirudi kwenye mshumaa na kibatari. Pampu za maji zilisimama, watoto wakabeba ndoo. Na katika msikiti wetu mdogo, sala ya Isha tukawa tunaisali kwa mishumaa miwili iliyobandikwa juu ya visahani, na darsa ya watoto baada ya Magharibi ikavunjika, kwani mtoto hawezi kusoma herufi asiyoiona.

Zamani msikiti ule ulikuwa na karabai mbili. Ndizo zilizowaka katika maulidi, ndizo zilizowaka katika tarawehe, na ndizo zilizotangulia mbele ya jeneza pale mtu alipozikwa usiku. Tukazitafuta stoo, hatukuziona. Mzee mmoja wa kamati akatukumbusha, kwa sauti ya chini, kwamba miaka michache nyuma tuliziuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa kilo, pamoja na mabati mabovu. Na mimi nilikuwamo katika kikao kile. Nilinyoosha mkono kukubali.

Basi tukakumbuka kuwa yuko bwana mmoja, si mbali na sisi, aliyekaa Ulaya miaka mingi akarudi na shauku ya kukusanya taa na majiko ya zamani, yale ya watu wanaopiga kambi maporini. Tukaenda kwake watu watatu. Alitupokea kwa heshima, akatutolea kahawa, kisha akatuonyesha chumba chake. Rafu juu ya rafu! Taa za kijerumani za Petromax, taa za kimarekani za Coleman, taa za kiingereza za Tilley, na majiko madogo ya shaba ya Kiswidi yanayong'aa kama dhahabu. Taa peke yake nilihesabu arubaini. Tukamwomba moja, kwa muda wa darsa tu. Akanyamaza, kisha akasema: "Mashekhe zangu, mniwie radhi. Hizi haziwashwi. Nyingine hazijapata kuwashwa tangu zitoke kiwandani. Ukiiwasha mara moja tu, bei yake imeshuka."

Tukaaga. Naye akatusindikiza mpaka mlangoni, huku ameshika mshumaa.

Nimeyaeleza haya si kwa kumsengenya mtu. Jina lake nimelificha na nitaendelea kulificha. Nimeyaeleza kwa sababu ule mshumaa umenifunza kitu, na kwa sababu tangu siku ile nimesikia watu wakilitolea jambo hili hukumu mbili, na zote mbili naziona zina makosa. Hebu tuzitazame moja baada ya moja.

Hukumu ya kwanza: kwamba kukusanya ni upuuzi

Wanasema: "Mtu mzima na akili zake anakusanya mataa mabovu! Huo ni wazimu wa Wazungu, waliokosa la kufanya."

Tunajibu: Polepole, ndugu. Usikidharau kitu usichokijua. Hivi vyombo vina historia, na historia yake ina elimu ndani yake.

Chukua lile jiko la pampu. Kabla yake jiko la mafuta ya taa lilitumia utambi, likatoa masizi na harufu. Mwaka 1892, huko Stockholm, fundi wa Kiswidi aitwaye Frans Wilhelm Lindqvist alitengeneza kichwa cha jiko ambacho mafuta hayaungui kwa utambi, bali husukumwa kwa upepo, yakapita katika bomba la moto, yakageuka mvuke, na ule mvuke ndio unaowaka, kwa moto wa buluu usio na masizi. Jiko hilo likaitwa Primus. Nansen alilichukua katika barafu ya kaskazini mwaka 1895, Amundsen akalichukua hadi Ncha ya Kusini mwaka 1911, Hillary na Tenzing Norgay wakawa nalo katika safari ya Everest mwaka 1953. Kwa wasafiri wale, jiko lilipozimika hapakuwa na maji ya kunywa, maana maji yao yalikuwa ni theluji ya kuyeyushwa. Je, kitu kama hicho kukihifadhi ni upuuzi?

Au chukua ule utambi wa karabai, kile kijifuko cha uzi kinachoungua mara ya kwanza kikabakia jivu jeupe, kisha jivu lile ndilo linalong'aa. Huo ni uvumbuzi wa Carl Auer von Welsbach, mwanakemia wa Austria. Mwaka 1891 alipata mchanganyiko uliofaa: sehemu 99 za oksidi ya thoriamu kwa sehemu moja ya oksidi ya seriamu. Sehemu moja katika mia! Ukiiondoa hiyo moja, mwanga unafifia. Wazee wetu walizitumia karabai miaka na miaka, na wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Viktoria waliziwasha juu ya maji kuita samaki, lakini ni wangapi kati yetu tuliouliza kwa nini jivu litoe nuru? Mkusanyaji ameuliza. Kwa hilo ametupita, na haki yake tumpe.

Kwa hiyo anayesema kuwa kukusanya ni upuuzi, amesema asilolijua. Na mara nyingi anayesema hivyo ndiye yule yule aliyeuza karabai ya babu yake kwa kilo.

Hukumu ya pili: kwamba mkusanyaji asiulizwe

Sasa tugeuke upande wa pili, na huku ndiko ugomvi wangu hasa uliko.

Wanasema wakusanyaji: "Sisi ni walinzi wa urithi. Bila sisi vitu hivi vingekwisha kuyeyushwa. Basi mtuache."

Tunajibu: Walinzi wa nini? Maana taa si bati, wala si kioo, wala si shaba. Taa ni mwanga. Aliyelinda bati akauacha mwanga ufe, amelinda nini?

Na hoja hii siitoi kichwani mwangu. Naitoa katika historia ya taa zenyewe wanazozikusanya. Tazama habari ya W. C. Coleman, ambaye jina lake limepigwa juu ya taa ambazo wakusanyaji wa Marekani wanazipenda kuliko nyingine. Alikuwa kijana mwenye macho mabovu, anauza mashine za kupiga chapa ili apate ada ya kusomea sheria. Katika mji mmoja wa Alabama, akaiona taa dukani ambayo mwanga wake ulimwezesha, na macho yake yale, kusoma maandishi madogo. Akaacha mashine akashika taa. Mwaka 1900 akaenda Kingfisher, Oklahoma, kuziuza, na wenye maduka wakamkataa. Kwa nini? Kwa sababu kabla yake alipita mwuzaji mwingine akawauzia taa zilizoziba kwa masizi baada ya muda mfupi, wakabakia na mabati yasiyowaka. Wallahi walikuwa na haki ya kukasirika.

Coleman akafanya nini? Hakupigia kelele uzuri wa taa. Aliwaambia: Sikuuzieni taa, nitawakodisha mwanga. Taa ni zangu, nitazisafisha mimi, nitazirekebisha mimi, na zisipowaka msinilipe. Hapo wakakubali, na biashara ile ikasimama. Mwaka 1902 akahamia Wichita, Kansas, na kutoka hapo jina lake likaenea dunia nzima.

Zingatia, ndugu msomaji. Jina lile linalofanya taa iwe na bei kubwa leo lilijengwa juu ya ahadi kwamba taa isiyowaka haina thamani hata senti moja. Na leo yuko mtu anayeinunua taa ile ile kwa bei ya juu zaidi kwa sababu haijapata kuwaka! Si huku ni kulipindua jambo miguu juu kichwa chini? Ni kama mtu kumsifu mpishi kwa kuwa sufuria yake haijapata kuona moto, au kumsifu nahodha kwa kuwa chombo chake hakijapata kutia mguu baharini.

Udhuru wao, na jawabu zake

Atasema: "Ni mali yangu, nimeinunua kwa pesa yangu." Ni kweli, ni mali yako, na hakuna aliyekuja kukunyang'anya. Lakini haki ya mtu juu ya mali yake haikujibu swali la jirani yake aliye gizani. Hayo ni maswali mawili. La kwanza huulizwa mahakamani. La pili huulizwa usiku, mtu akiwa peke yake na mshumaa wake.

Atasema: "Kuiwasha ni kuichakaza." Hapa ndipo mkusanyaji asiyewasha anapojidanganya zaidi kuliko anavyotudanganya sisi. Ndani ya pampu ya taa hizi mna kipande cha ngozi, umbo lake kama kikombe, na ngozi hiyo isipopata mafuta na kutembezwa hukauka na kusinyaa, pampu ikawa haivuti tena. Mipira ya kuzuia upepo hugeuka migumu kama mbao. Mafuta yaliyosahauliwa tangini hugeuka gundi na kuziba tundu la sindano. Chombo hiki hufa kwa kukaa kama kinavyokufa kwa kutumiwa, na cha kukaa ni kifo kibaya zaidi, kwani kinakufa bila ya mtu kujua. Fundi yeyote atakwambia hivyo.

Sikatai kwamba vipo vitu vya pekee, vilivyobakia viwili au vitatu duniani, ambavyo ni haki vipumzishwe. Lakini taa nyekundu ya Coleman ya namba 200A, ambayo ilitengenezwa tangu mwaka 1951 mpaka 1983, si kitu cha pekee! Imewaka katika mahema na vibaraza vya Marekani zaidi ya miaka 30. Chini ya tangi lake umepigwa mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na wako wakusanyaji wanaotafuta taa ya mwezi na mwaka waliozaliwa wao. Hilo ni jambo zuri na la kibinadamu, silicheki. Ila nawauliza: wewe uliyezaliwa mwezi ule ule na taa yako, ungependa ukae miaka hamsini katika boksi, usifanye kazi uliyoumbiwa, ili tu ngozi yako isikwaruzike?

Atasema: "Ni hatari kuziwasha." Hapa amesema neno la kweli, na mimi nitalitilia nguvu, maana polemiki isiyokubali ukweli wa mpinzani ni kelele tupu. Taa hizi zina hatari. Karabai iliyotengenezewa mafuta ya taa ikitiwa petroli inaweza kulipuka. Wapo walioungua kwa kosa hilo. Taa au jiko likiwashwa katika chumba kilichofungwa, au ndani ya hema, hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu akalala asiamke. Nyuzi za zamani zenye thoriamu hutoa mnururisho mdogo. Jivu lake lisipulizwe wala lisivutwe puani, na ndiyo maana watengenezaji wengi wamekwisha kuiacha. Yote hayo ni kweli. Lakini je, ni nani aliye na elimu ya kutuepusha nayo, kama si mkusanyaji? Yeye ndiye anayejua ipi ni ya petroli na ipi ni ya mafuta ya taa. Basi hatari si udhuru wa kunyamaza. Ni sababu ya kufundisha.

Na wako wa aina ya tatu, wanaokuja kwa machozi: "Ah, zama za karabai! Maisha yalikuwa mazuri, watu walipendana!" Hawa nao tuwakomeshe kidogo. Sisi wengine hatukusomea karabai. Karabai ilikuwa ya msikiti na ya mwenye duka. Nyumbani tulisomea koroboi, na asubuhi tukipenga kamasi ni nyeusi. Macho yaliwasha, vifua vilikohoa, na watoto waliungua kwa koroboi iliyopinduka mkekani. Yeyote anayetaka mtoto wa leo arudi huko, na hali taa ndogo ya jua inamtosha, hampendi mtoto huyo. Siitetei taa ya zamani kwa kuwa zamani ilikuwa nzuri. Naitetea kwa kuwa ni chombo kinachoeleweka: ukikifungua unaona kila kipande, na kipande kikiharibika unakitengeneza kwa mkono wako.

Na sisi je?

Nisingependa msomaji adhani kuwa nimeandika haya ili nimfunike bwana yule kwa lawama, nami nikae pembeni nimetakata. Yeye alikuwa na taa arubaini akazifungia. Sisi tulikuwa na mbili tukaziuza kwa kilo. Ni nani kati yetu aliyefanya vibaya zaidi? Yeye angalau alijua alichonacho. Sisi hata hatukujua. Tulipowasha balbu tulidhani umeme ni haki isiyokatika, tukaona kitu cha mzee ni kitu cha aibu, kitolewe nje kabla mgeni hajakiona. Siku giza liliporudi, ndipo tulipotambua kwamba tuliuza na ufundi pamoja na chombo.

Maana baada ya kutoka kwa bwana yule, tulipata karabai moja mbovu kwa mvuvi aliyeitupa nyuma ya nyumba, imeliwa na kutu. Tukampelekea mzee mmoja aliyekuwa fundi wa stovu na karabai zamani, mikono inatetemeka. Akaifungua juu ya gazeti. Ile ngozi ya pampu ilikuwa imekwisha kabisa. Akakata nyingine kutoka katika kiatu kikuukuu, akailaza katika mafuta usiku mzima. Akazibua tundu kwa uzi wa waya. Akaosha tangi kwa mafuta mara tatu. Utambi tuliupata katika duka la zamani, kwenye droo ambayo mwenye duka alikuwa hajaifungua kwa miaka. Siku ya tatu akatia spiriti katika kikombe kidogo kilicho chini ya bomba, akaiacha iungue mpaka bomba likapata moto, akatia upepo, akafungua. Ikavuma. Ikawaka.

Na kuwaka kwake si jambo ninalotaka kulisimulia zaidi. Jambo ninalotaka ulikumbuke ni hili: wakati mzee anaitengeneza, walimzunguka watoto wanane, na mmoja wao akawa anampa vipande mkononi kabla hajaviomba. Mzee akamwuliza, "Umejifunza wapi?" Akajibu, "Nimekutazama jana." Umeme ulipokatika tena Disemba 2009, ukakaa hivyo mpaka Machi 2010, mzee wetu alikuwa amekwisha tangulia mbele ya haki. Aliyeiwasha karabai ya darsa ni mtoto yule, na darsa haikuvunjika hata siku moja.

Hebu nambie sasa, ndugu msomaji: mlinzi wa urithi ni nani hapa? Ni mwenye arubaini, au ni kijana mwenye moja?

Shauri letu

Kwa hiyo tunawaambia wakusanyaji, wawe Wichita au Stockholm, Berlin au Zanzibar: kusanyeni, hatukukatazeni. Lakini mkusanyaji na ajiulize mambo manne. Je, taa yangu inawaka? Je, nikifa kesho, yuko aliyejifunza kwangu namna ya kuitengeneza? Je, nimeandika imetoka wapi, na ilimwangazia nani, au nimeandika bei tu? Na je, jirani yangu akiingia gizani, naweza kumwazima moja bila ya moyo kuniuma?

Wengi katika wakusanyaji wa nchi za nje, kwa kweli, watalijibu kwa uzuri swali la kwanza na la pili. Wako wanaokutana kwa ajili ya kurekebisha tu, mmoja akamfundisha mwenzake kubadilisha ngozi, na ikifika jioni wakaziwasha zote kwa pamoja. Hao ni ndugu wa yule fundi wetu, hata kama hawakumjua. Ugomvi wetu si nao.

Nasi wenyewe, kabla hujaita mnunuzi wa vyuma chakavu, fungua stoo yako utazame. Iko nini humo? Mwulize mzee wako ilikuwa ikitumikaje, maadamu yupo wa kuulizwa.

Ama bwana wangu wa taa arubaini, ikiwa karatasi hii itakufikia, basi sina kinyongo nawe. Yule kijana sasa ni mtu mzima, ana mikono mizuri, na anafundisha wengine kila Alkhamisi alasiri, barazani kwa msikiti. Njoo uchague moja katika zako, ile iliyochakaa kuliko zote ikiwa unaogopa, uje nayo. Mafuta tunayo.